Mapipa Nyuma ya Skrini: Sehemu ya Tisa

Mkono ule haukuwa wa polisi.

Najua wapo walioapa, wengine hadi wakanuniana na majirani, kwamba Kasuku angegeuka akutane na pingu. Poleni sana. Tulimwacha Jumamosi iliyopita kwenye stoo iliyo nyuma ya skrini ya ukumbi wa sinema, ameinama, amefunua ncha ya turubai, ameona mapipa ya petroli yamepangwa mpaka ukutani, na mkono umemdondokea begani. Upande wa pili wa skrini filamu inaendelea na watu wamejaa pomoni. Basi Kasuku akageuka, na moyo wake, badala ya kutulia, ukazidi kudunda.

Alikuwa dada yake.

"Funika hilo turubai," dada alisema. "Halafu rudi kwenye kipaza sauti. Watu wameanza kupiga miluzi."

Kasuku hakufunika. Alimtazama dada yake huyu, aliyemfundisha kusuka nywele na kusema uongo mdogomdogo, mwenye ukumbi tangu baba yao alipofariki, na kwa mara ya kwanza hakumtambua.

"Dada, haya ni ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Unauliza kama karani wa sensa. Yana mwenyewe, amekodi stoo, yataondoka. Rudi kazini."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mshahara wako wa mwezi huu ulidhani umetoka wapi? Kwenye kiingilio?"

Hapo Kasuku akakosa la kusema, na Kasuku kukosa la kusema si jambo dogo. Kazi yake ni maneno. Filamu zinazoonyeshwa pale ni za kigeni, naye hukaa kwenye meza ndogo kando ya skrini, chupa ya maji ya moto miguuni, akizigeuza kuwa Kiswahili papo hapo. Siri iliyojulikana na wote ni kwamba lugha ya filamu zile haijui, ukiondoa "nakupenda" na "nitakuua". Mengine hujitungia. Jambazi akifungua mdomo, Kasuku humtia maneno ya mwenye nyumba anayedai kodi. Watu walimpenda kwa hilo hilo, na wengi hawakukumbuka hata jina la filamu waliyotoka kuitazama.

Ila mapenzi hayaendeshi ukumbi. Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, Jumamosi mchana fundi viatu alikuja na mke na watoto wote, wauguzi wakaja na sare zao moja kwa moja kutoka zamu, na mwashi mmoja alikuja na wachumba wawili kwa maonyesho mawili tofauti. Kisha mafuta yakapanda. Nauli ikapanda, unga ukapanda kwa kuwa unga nao hupanda gari, mafuta ya taa yakafuata, na mume na mke wakikaa kutafuta cha kupunguza, nani atasema tupunguze kula? Ilisemwa sinema si lazima.

Wakaanza kutuma wajumbe. Nyumba nzima ilichangia tiketi moja, mmoja akatazama kwa niaba ya wenzake, jioni akasimulia mezani, na ole wake akisahau kipande. Fundi viatu alimvua mwanawe ujumbe kwa kosa la kusinzia kwenye mapigano. Baadaye hata wajumbe wakapungua, maana watu waligundua kwamba sinema ya Kasuku haihitaji macho. Walikuja na vigoda vyao, wakakaa nje chini ya madirisha, wakasikiliza bure huku wakimenya njugu.

Dada akapigilia bati madirisha yote. Wezi wakafyonza petroli ya jenereta kwa mpira kule kibandani uani; dada akaihamishia jenereta ndani, kwenye ujia mwembamba ulio kati ya stoo na lango la nyuma. Wajanja wakajifanya wanakwenda msalani ili wawaingize wenzao. Dada akamwajiri bawabu, Komeo. Filamu ikianza, Komeo huufunga mlango mkubwa kwa nje, huegemeza kiti chake hapo hapo, na hafungui hata ugonge kwa kichwa, mpaka asikie Kasuku akitamka maneno yake ya kufungia onyesho: "Aliyelipa ametazama, asiyelipa atasimuliwa." Mwenye haja alijikaza. Ukizitazama moja moja, hatua hizo zilikuwa za mtu mwenye akili anayelinda mali ya baba yake.

"Dada," Kasuku alisema, "tazama miguu yako."

Dada akatazama. Viatu vyake vya kitambaa vilikuwa vimelowa.

Pipa la pembeni lilikuwa linavuja. Halikuwa tone kwa tone tena. Ulikuwa uzi mwembamba usiokatika, unaofuata mteremko wa sakafu na kupita chini ya mlango wa stoo kuelekea ujiani. Na huko ujiani jenereta ilikuwa ikinguruma, bomba lake la moshi limepata moto wa kuchemshia chai.

Msiniulize mbona hakuna aliyesikia harufu. Tangu jenereta iingie ndani, ukumbi wote ulinuka petroli. Wateja nao walinuka. Siku hizo mtu hakutoka nyumbani bila dumu, asije akapita mbele ya kituo kilichopata mzigo akabaki kujilaumu.

Dada alishika kitasa cha mlango wa ujiani. "Nazima jenereta."

"Ukizima, giza." Kasuku alimkamata mkono. "Ukumbi umejaa, madirisha yana bati, mlango mmoja umefungwa kwa nje. Watu wakisikia petroli wakiwa gizani, watakanyagana. Hatutazika waliochomwa, tutazika waliokanyagwa."

"Mdogo wako ana akili," sauti ya kiume ilisema.

Mlango wa ujiani ulikuwa umefunguliwa kutoka upande wa pili. Pale alisimama mzee aliyevaa shati lililopigwa pasi na kuchomekwa vizuri, leso puani. Wasomaji wa zamani mnamjua. Kwa walioingia leo: mjini hakuna aliyejua jina lake, walilijua gari lake lenye vioo vyeusi kabla ya kumjua yeye, na yeye walimwita Bwana Subira, kwa kuwa kila aliyemwendea kulalamika bei alijibiwa neno hilo moja.

"Pipa lako linavuja," Kasuku alimwambia.

"Nimeona, mwanangu. Hasara ni yangu."

"Kuna watu mle ndani."

"Najua. Mimi ndiye niliyewaita." Bwana Subira alikunja leso yake vizuri kwa nne. "Kiingilio nusu leo, ulidhani dada yako ameingiwa na moyo wa sadaka? Nusu nyingine nimelipa mimi. Kesho bei mpya inatangazwa na wakaguzi watapita stoo kwa stoo. Gari langu liko langoni. Sasa, pipa likibingirishwa lina kelele sana. Lakini jenereta ikinguruma na watu wakikucheka wewe, nani atasikia?"

Kasuku akamtazama dada yake. Dada akatazama sakafu.

"Kwa hiyo rudi ukasimulie," mzee akaendelea kwa upole uleule. "Filamu ikiisha, watu wakitoka, mimi sipo. Subira tu."

"Na moto ukishika kabla haijaisha?"

"Moto haushiki kwa kusemwa. Lakini ukumbi kufungwa, na dada yako kupelekwa panapohusika, hayo hushika kwa kusemwa. Sauti yako ni nzuri, mwanangu. Itumie kwa kazi yake."

Akarudi ujiani. Wakamsikia akiwaelekeza watu wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayepanga viti vya msiba.

Dada alianza kulia bila sauti. "Ningefanya nini? Niuze ukumbi wa baba? Ungekula nini wewe? Ungefanya kazi gani, na unachojua ni kuzungumza tu?"

"Mama yumo ndani," Kasuku alisema.

"Mama gani?"

"Tuna mama wangapi?"

Dada alimkodolea macho. "Mama hatoki siku hizi. Mwenyewe aliniambia nauli imemshinda."

"Amesikia kiingilio nusu, amekuja kwa miguu. Yuko safu ya mbele, na lile sweta lake la kijani. Ameniambia anataka kukushtukiza ufurahi."

Nimewaahidi ukweli tangu sehemu ya kwanza, basi nitausema: dada hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa, na aliyebanwa hushika chochote kilicho karibu. Lakini siku ile uso wake ulikauka kabisa.

"Nimemuua mama," alisema.

"Bado. Kwenye ndoo ya usafi kuna kipande cha sabuni. Kilainishe kwa mkono, kigandamize kwenye tundu la pipa, usiondoke hapo. Nitawatoa watu. Nikikuita, zima jenereta. Nisipokuita, usiguse kitu."

"Utawatoaje?"

Kasuku mwenyewe hakujua, ila tayari alikuwa anatoka.

Alipotokeza kando ya skrini miluzi ilimpokea.

"Kasuku, ulikwenda kuzaa?" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikapita safu kwa safu.

"Tumeachwa na mabubu humu," mwingine akadakia. "Nani amemuua nani?"

Akaketi. Kwenye skrini, shujaa wa filamu, jamaa mwenye koti la ngozi, alikuwa akinyata ndani ya ghala. Mbele kabisa, karibu na meza, mama yake alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, akiangaza kushoto na kulia ili majirani wajue kwamba huyu anayesimulia ni wake. Kasuku alitaka kumshika mkono amtoe mbio. Lakini atoke naye wapi, na mlango umefungwa?

Akaamua kusema kweli, kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Wapenzi wangu, naomba mnisikilize. Nyuma ya skrini hii kuna petroli, na inavuja. Naomba tuinuke polepole, bila kusukumana, tutoke nje."

Kwa bahati mbaya iliyoje, dakika ile ile yule jamaa wa kwenye skrini alisimama, akainua pua, akafunika mdomo kwa kiganja.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu walipigana mapajani.

"Kumbe hata huko kwao yamepanda," alisema fundi viatu, na watu wakazidi kucheka.

"Mwulize, anauza kwa lita au kwa kikombe?"

"Sitanii," Kasuku alisema.

"Sitanii!" ukumbi ukamwitikia kwa pamoja, wakiigiza sauti yake, kwani hilo lilikuwa neno ambalo majambazi wake wote husema kabla ya kupigwa.

Kasuku aliogopa, na aliogopa zaidi kwa sababu alielewa: kila Jumamosi kwa miaka yote aliwafundisha watu hawa kutomwamini. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Na nyuma ya kitambaa cheupe, chini ya ngurumo ya jenereta, alisikia pipa la kwanza likianza kubingirishwa.

Akawatazama. Kwenye mwanga wa filamu aliona nyuso, mapaja, na kati ya miguu ya karibu kila mmoja, dumu tupu. Madumu ya njano, madumu ya mafuta ya kupikia yaliyooshwa, chupa kubwa za maji. Watu waliokuja kusahau shida walikuwa wamekuja nayo, wameipakata.

Mfa maji hukamata maji. Kasuku akavuta kipaza sauti karibu.

"Tangazo," alisema, na safari hii hakumwigiza mtu. "Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa napewa ujumbe. Kituo cha kona kimepokea mafuta sasa hivi. Wanauza kwa bei ya zamani, mpaka yaishe."

Kicheko kikakatika.

Ngumi zilikuwa zikirushwa kwenye skrini na hakuna aliyezitazama.

"Bei ya zamani ipi?" fundi viatu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

"Ya mwaka jana."

Hakuna aliyepiga mluzi. Ukweli waliucheka, uongo wakaumeza bila maji. Safu za katikati zilianza kuinuka, na Kasuku akaona kile alichokihofia: mabega yakielekea mlangoni, viwiko vikitafuta nafasi.

"Kaeni," alisema. "Mwenye kituo amesema hataki fujo. Foleni itafuata safu za ukumbi huu huu. Safu ya nyuma, iliyo karibu na mlango, ndiyo ya kwanza, na inayofuata, mpaka ya mbele. Kila mtu abebe kiti chake. Kiti ndiyo nafasi yako. Usiye na kiti, au ukiruka safu, au ukimsukuma mwenzako, umepoteza, utarudi nyumbani na dumu lako likipigwa na upepo."

Watu wakakaa. Hebu fikiria: watu waliokuwa tayari kukanyagana wakakaa chini kama wanakwaya, kila mmoja ameshika mgongo wa kiti chake kwa mikono miwili.

"Aliyelipa ametazama," Kasuku alitamka, "asiyelipa atasimuliwa."

Komeo likavutwa. Mwanga wa mchana ukaingia, na Komeo mwenyewe akachungulia, amekunja uso.

"Mbona mapema? Jamaa hajamaliza kupigana."

"Fungua mlango wote, mbao zote mbili. Safu ya nyuma, inukeni."

Wakainuka. Vilikuwa viti vya chuma vya kukunja, vizito, vya enzi za baba yao. Wakavikunja, wakavibeba, wakatoka. Safu ya pili ikafuata. Sijapata kuona, wala ninyi hamjapata, watu wenye adabu kama wale. Aliyejaribu kupenya alirudishwa na wenzake kwa sikio. Mwashi alimbebea muuguzi mjamzito kiti, akatangaza kwa sauti kwamba kiti si chake, asije akadhaniwa mwizi wa nafasi. Kasuku aliita safu moja baada ya nyingine, jasho likimtiririka mgongoni, sikio moja kwenye ngurumo ya jenereta.

Ikabaki safu ya mbele. Wakainuka wote, isipokuwa mmoja.

"Mama, toka."

"Mimi nina haja gani na petroli?" mama alisema. "Natumia mkaa. Nimetembea kutoka kule juu nitazame filamu, nitaitazama."

"Mama, nakuomba."

"Jamaa hajampata mkewe."

"Amempata, mama. Nimeshaiona. Amempata, wamehamia nyumba nzuri, wana amani. Nitakusimulia yote jioni."

Mama alimtazama. Kuna vitu mzazi huvisoma hata gizani. "Unatetemeka nini?"

"Toka nje, mama. Uende mbali na ukumbi huu. Tafadhali."

Fundi viatu, aliyerudi kufuata dumu lake, akaokoa jahazi. "Bibi, twende. Petroli ya bei ile hata kama huitumii, utauza. Wajukuu watakula wiki nzima." Akamkunjia kiti, akambebea, akamshika kiwiko. Mama akainuka kwa shingo upande, na sweta la kijani likapotea kwenye mwanga wa mlangoni.

Kasuku aliweka kipaza sauti mezani. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Walikuwa wametoka. Wote, na mama yake. Hata kama dari lingeanguka sasa, lingeanguka juu ya viti vilivyobaki.

"Dada, zima."

Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Filamu ikafa, na yule jamaa mwenye koti akabaki hajampata mtu.

Alipapasa hadi stoo. Mwanga kidogo uliingia kupitia mlango wa ujiani, na ndani ya mwanga huo dada yake alikuwa amechuchumaa, viganja vyote viwili amevigandamiza kwenye tundu la pipa, sabuni imemjaa mpaka viwikoni. Wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyetoka kuchungulia kaburi.

"Mama?"

"Ametoka. Amenuna, lakini ametoka."

"Mungu mkubwa." Dada alifuta pua kwa bega. "Nitajipeleka mwenyewe kwa wakaguzi kesho. Sitasubiri waje."

"Yule mzee yuko wapi?"

"Alichungulia langoni akaona watu wanamiminika barabarani, akachanganyikiwa. Amepakia mawili, ameondoka mbio. Moja la hayo lilikuwa linavuja pia, limechora mstari mpaka barabarani. Hata lango hakufunga."

Kasuku akatazama kule ujiani. Lango la chuma lilikuwa wazi, na sakafu kati yake na lango iling'aa, imelowa ukuta hadi ukuta.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kasuku haikufika hata kona. Safu za kwanza zilifika kituoni zikakuta mnyororo umefungwa na mlinzi amelala. Wangerudi kumpiga mawe, na afadhali wangefanya hivyo. Lakini wakiwa wamesimama pale na viti vyao, gari lenye vioo vyeusi likawapita kwa kasi na mapipa mawili nyuma. Watu si wajinga. Walitazama lilikotoka, wakaona mstari uliolowa barabarani, mmoja akainama akachovya kidole, akanusa. Kumbe Kasuku hakusema uongo, akawaambia wenzake. Alikosea mlango tu.

Dada alikuwa wa kwanza kuisikia sauti. "Nini hiyo?"

Ilitoka nje, upande wa uani. Mkwaruzo mrefu, kisha mwingine, kisha mingi kwa pamoja. Ni sauti aliyoijua kila mtu aliyewahi kufagia ukumbi ule. Vile viti vya chuma vilikuwa vimeng'oka mipira ya miguuni miaka mingi iliyopita, na mtu aliyebeba kiti kizito mpaka kona na kurudi, mkono wa pili una dumu, hakibebi tena. Hukiburuza kwenye saruji.

Kasuku akakimbilia ujiani, petroli ikimrukia miguuni. Walikuwa wamefika. Wamejipanga kwa safu, kama alivyowaambia, safu ya nyuma kwanza, hakuna anayesukumana. Kule mwisho wa uani, kwenye kivuli cha ukuta, aliona kiti cha mtu mmoja kikipita juu ya jiwe, na chini ya mguu wa kiti cheche ndogo ikaruka, ikazimika.

"Rudini," alisema. "Msiburuze. Inueni viti, rudini nyuma, hapa pamelowa petroli."

"Tunajua," walimjibu, wakacheka kwa furaha. "Ndiyo maana tumekuja."

"Jamani, mpisheni bibi," ilikuwa sauti ya fundi viatu, iliyojaa heshima. "Mzee hasimami foleni. Bibi apite mbele."

"Apite, apite."

Na safu zikagawanyika. Watu wenye adabu zao, waliomrudisha kwa sikio kila aliyeruka nafasi, wakarudi nyuma hatua moja huku na hatua moja kule, wakaacha njia katikati, na ndani ya njia hiyo akaja mama yake. Sweta la kijani. Dumu la njano la kuazima mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa nyuma, unavuta kiti.

Alikuwa anatabasamu. Alimwona mwanawe akatikisa kichwa, kama kusema, ungeniambia tangu mwanzo ningetoka bila maneno.

Mbele yake kulikuwa na reli ya lango, chuma juu ya saruji, na mbele ya reli sakafu iliyong'aa.

"Mama," Kasuku alisema, "simama hapo hapo. Inua kiti."

"Kizito, mwanangu," mama alisema, na akakivuta kuivuka reli.